Kabla hujasema "uzee tu", angalia vidonge vya bibi

Mi nafanya fiziotherapia, sa wazee ninaoletewa wengi nyonga ishavunjika tayari, na nikiuliza ilikuaje naambiwa "ah, uzee tu, kaanguka". Sawa, ila kaanguka saa ngapi? Alikuwa anaenda wapi? Hapo ndo stori inabadilika maana mara nyingi ni usiku, kabanwa na mkojo, kanyanyuka fasta kitandani, macho yakaingia giza, puu chini.

Iko hivi. Ukisimama damu inateremka miguuni, mwili wa kijana unabana mishipa hapo hapo na moyo unaongeza spidi ili ubongo usikose damu, wa mzee unachelewa. Sasa weka dawa za presha juu yake, weka na ile ya kukojoza aliyokunywa jioni kwa vile asubuhi alisahau, na kama ni babu mwenye tezi dume basi baadhi ya dawa zake nazo zinalegeza mishipa. Mwingine kapewa na piritoni na mjukuu ili apate usingizi, jamani! Piritoni inaweza kumwacha mzee kichwa kizito, anayumba, hadi kesho yake.

Kwa hiyo siku ya kliniki msiridhike na presha ya kupimwa amekaa. Ombeni apimwe amelala, asimame, apimwe tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mwambieni daktari na mbebe vidonge vyote kwenye mfuko, hata vya dukani, yeye ndo atapanga upya dozi na muda. Nimesema daktari, sio wewe, maana najua kuna mtu hapa atamwachisha bibi dawa leo leo halafu tuje kuongea habari za kiharusi.

Na akishaanguka, akawa hawezi kukanyaga, mguu umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, msimkande! Hakuna maji ya moto, hakuna kumvuta mguu, ni hospitali.

Nyumbani aamke kwa awamu, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili, achezeshe miguu, ndo asimame huku kashika kitu. Choo cha kuchuchumaa mfungieni bomba la kushika ukutani, kuinuka pale ndo kizunguzungu chenyewe. Kandambili zilizoisha soli kwenye marumaru yenye maji sitaki hata kuzisikia.

Halafu kuna ndoo ya usiku, hii ngumu sababu wanaona aibu. Bibi yangu mwenyewe aligoma kabisa, akasema yeye sio mgonjwa, mpaka shangazi akamletea yenye mfuniko akamwambia "mama, hii ya siku za mvua tu, choo si kiko nje". Basi sa hivi mvua kwake inanyesha kila usiku.