Je, wajua kwa nini betri ya satelaiti inapimwa kwa miaka, sio miezi?

Kuna betri ziko maabara zinachajiwa na kumalizwa usiku na mchana miaka nenda rudi, na angani hazitaenda kamwe. Kazi yao ni kuzeeka tu, ili ijulikane wenzao walioko juu watadumu muda gani.

Mi niliamini kabisa kwamba wanaharakisha. Satelaiti ya obiti ya chini inazunguka dunia kwa dakika 90 na kitu, kama 35 kati ya hizo iko kwenye kivuli cha dunia na inaishi kwa betri, ikitoka juani inachaji tena, kwa hiyo ni mara 15 au 16 kwa siku na zaidi ya 5,000 kwa mwaka. Sasa ukitaka kujua kama itafika miaka mitano, si unaichaji na kuimaliza fasta fasta mara 28,000, miezi michache umepata jibu? Hapana. Na kosa hili lina mizizi mirefu, maana linachukulia kwamba betri ina idadi ya chaji kama kurasa za daftari, ukichana moja zimebaki kadhaa, wakati betri inazeeka kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina mwendo wake.

Chukua betri ya lithiamu-ioni, aina ile ya kwenye simu. Ukichaji, ioni za lithiamu, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinahama upande mmoja zinaenda kujipenyeza kwenye matabaka ya grafiti upande wa pili. Ni kama watu wanaoingia ukumbini kwa mlango mmoja: wakija taratibu kila mtu anapata kiti, wakisukumwa wanajazana mlangoni. Kwenye betri ile lithiamu iliyokwama mlangoni inageuka metali juu ya grafiti, nyingine hairudi tena kazini, na kukiwa na baridi hali inakuwa mbaya zaidi. Yaani betri uliyoikimbiza imekufa kwa ugonjwa ambao ile ya angani pengine isingeupata kabisa.

Basi ongeza joto? Yai la kuku linaanguliwa kwa siku 21, ukilizidishia joto hupati kifaranga siku ya kumi. Joto linaharakisha uzee wa kawaida kweli, ila likizidi linaamsha na mambo mengine ambayo hayakuwepo.

Ndo maana kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Crane, Indiana, ambacho kimekuwa kikipima seli, yaani vipande vinavyounganishwa kuwa betri, za vyombo vya anga kwa ajili ya NASA tangu 1963, kimeendesha majaribio ya miaka mingi mfululizo. Seli inakaa kwenye boksi la joto maalum, ina nyaya za kupima volti, mkondo na joto, inachajiwa karibu saa nzima na kutumiwa nusu saa, kisha tena. Namba inayotazamwa sana ni volti ya mwisho kabisa kabla chaji haijaanza, inashuka kidogo kidogo kwa miezi. Ikifa wanaipasua. Kwenye zile za zamani za nikeli-kadimiamu walikuta kadimiamu imehama, imepenya kitenganishi, ule utando unaokaa katikati, mpaka pande mbili zimegusana.

Kuharakisha kupo kidogo. Satelaiti za obiti ya juu, zile zinazoonekana zimesimama sehemu moja, zinapita kivulini kwenye misimu miwili tu, kila mmoja siku 45 hivi, kwa hiyo wapimaji wanafupisha miezi ya jua katikati. Lakini betri inazeeka hata ikikaa bure, kwa hiyo matokeo hayo yanasomwa kwa tahadhari.

Betri za nikeli-hidrojeni za Hubble, darubini inayozunguka dunia angani, zilipanda Aprili 1990, wanaanga wakazibadilisha Mei 2009. Piga hesabu, ni mizunguko kama 100,000. Na chini huku, kwenye kituo cha NASA cha Marshall kule Huntsville, Alabama, betri sita za aina hiyohiyo zilikuwa zikizungushwa kwa ratiba ya Hubble, zinazeeka pamoja nazo.