Uloto wa ndugu katika mwili wa mgonjwa wa selimundu: maswali na majibu kuhusu kinga

Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma hupandikiza uloto, yaani tishu laini ya ndani ya mifupa inayozalisha damu, kwa watoto wenye selimundu, na swali ambalo wazazi hulirudia sana ni kama damu za mtoaji na mgonjwa "zitaingiliana". Ni swali zuri, ila jibu lake halimo kwenye kundi la damu. Liko kwenye kinga. Anayepandikizwa figo ana hofu moja, kwamba mwili utaikataa figo. Anayepandikizwa uloto ana hofu mbili, kwa sababu uloto ndiko kinga inakozaliwa: mwili unaweza kuukataa uloto, na uloto nao unaweza kuukataa mwili.

Kinachopandikizwa ni nini hasa?

Ni seli shina za damu, yaani seli chache zenye uwezo wa kuzaa chembe zote za damu: nyekundu, nyeupe na sahani. Mtoaji hulazwa usingizi, kisha daktari huingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma. Anavuta mililita chache, anasogeza sindano, anavuta tena, mpaka zipatikane mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wa mtoaji. Mtoto wa kilo 25 atatoa kati ya mililita 250 na 500. Mfupa haukatwi, na uloto uliotoka hujazwa tena na mwili ndani ya wiki chache. Maumivu ya mgongo ya siku kadhaa ni ya kawaida.

Kwa mgonjwa hakuna upasuaji. Mfuko wenye uloto mwekundu mzito hutundikwa na kudondoshwa kupitia mrija ulio kwenye mshipa mkubwa, na seli shina hujitafutia zenyewe njia hadi ndani ya mifupa. Mfuko huo haupitishwi kwenye kichujio cha chembe nyeupe, maana kingezinasa seli shina zenyewe, wala haupigwi mionzi. Mifuko mingine yote ya damu na chembe sahani anayopewa mgonjwa huyo lazima ipigwe mionzi, kawaida grei 25 (grei ni kipimo cha mionzi). Sababu yake utaiona mbele.

Kwa nini kundi la damu halitoshi?

Kinga haimtambui mtu kwa A, B au O peke yake. Inasoma alama zilizo juu ya karibu seli zote za mwili, ziitwazo HLA. Mfaransa Jean Dausset aliielezea ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akapewa Tuzo ya Nobel. Mtoto hurithi seti moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa. Mwenye ndugu watatu ana nafasi ya takribani asilimia 58 kwamba angalau mmoja wao atafanana naye. Baba na mama kwa kawaida hufanana na mtoto nusu tu.

Ndugu mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na haugui, anaweza kutoa uloto, na hili wengi hawaliamini mpaka waelezwe mara mbili. Makundi tofauti ya damu nayo hayazuii kazi: maabara hupunguza chembe nyekundu au maji ya damu kwenye mfuko, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa wa kundi O aliyepokea uloto wa A huwa A.

Ndugu wamekuwa wakimchangia mtoto damu. Kuna ubaya?

Kama kuna uwezekano wowote wa mtoto kupandikizwa, ndiyo, upo. Hapa tunaomba wazazi watusikilize, kwa sababu desturi yetu ya kuwaita ndugu benki ya damu ni ya upendo, lakini kwa mtoto huyu inaweza kuharibu nafasi aliyonayo. Kila mfuko wa damu una chembe zenye HLA za aliyeitoa. Mwili wa mgonjwa ukizitambua kama adui, hutengeneza kingamwili dhidi yake. Kaka huyohuyo akija kutoa uloto, kinga inakuwa imeshamjua na inamsubiri.

Ndugu wachange, lakini damu yao iende kwa wagonjwa wengine, na mtoto apewe damu ya wasio jamaa zake, iliyochujwa chembe nyeupe ikiwezekana. Tunza kadi ya kila alipoongezewa damu: tarehe, idadi ya mifuko, na kama alipata homa au vipele. Kabla ya kupandikizwa hupimwa kingamwili dhidi ya HLA, na kadi hiyo huwaonyesha madaktari wategemee nini.

Kwa nini apewe dawa kali kabla ya kupokea?

Mgonjwa wa selimundu ana uloto uliojaa na kinga iliyo macho. Ukimpa seli za mtu mwingine bila maandalizi, zitaangamizwa. Kwa watoto wenye ndugu aliyefanana, mpango uliotumika zaidi ni busulfani ya kusafisha uloto, saiklofosfamaidi ya kuishusha kinga, na ATG, kingamwili zinazotengenezwa kwa kutumia sungura ili kuondoa seli T, chembe nyeupe zinazoshambulia vitu vya kigeni. Ripoti ya Ufaransa ya mwaka 2007 kuhusu wagonjwa 87 inaonyesha uzito wa hiyo ya tatu: kabla ya ATG, uloto ulikataliwa kwa asilimia 22.6, ilipoongezwa, ikashuka hadi takribani 3.

Busulfani inaweza kuharibu uzazi. Suala hilo lizungumzwe mapema, kabla dozi ya kwanza haijaingia.

Uloto huhesabiwa umeshika pale nyutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria, zinapozidi 500 kwa mikrolita siku tatu mfululizo, mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya nne. Baada ya hapo hupimwa mara kwa mara ni asilimia ngapi ya damu inatoka kwa mtoaji. Si lazima iwe 100. Chembe nyekundu za selimundu hufa upesi na za mtoaji huishi muda mrefu, ndiyo maana takribani asilimia 20 ya seli za mtoaji ndani ya uloto inaweza kutosha kuondoa ugonjwa. Asilimia hiyo ikianza kuporomoka, dawa za kutuliza kinga hazisimamishwi haraka.

Uloto unaushambuliaje mwili?

Mwaka 1966 Rupert Billingham aliandika masharti matatu. Kipandikizi kiwe na seli za kinga zenye nguvu. Mpokeaji awe na alama ambazo mtoaji hana. Na mpokeaji asiweze kukitupa kipandikizi. Yakikutana, seli T za mtoaji huona ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa kama vitu vya kigeni. Kwenye faili ugonjwa huu huandikwa GVHD, yaani kipandikizi kumshambulia mwenyeji. Hii ndiyo sababu ya kupiga mionzi damu ya kuongezewa: seli T zilizomo zingepata mwili usio na ulinzi na kufanya hayohayo.

GVHD inaweza kutokea hata kwa ndugu waliofanana HLA yote, kwa sababu zipo alama ndogo nyingine. Dada akimpa kaka yake, kwa mfano, seli zake hazijawahi kukutana na protini za kromosomu Y.

Ngozi ndiyo huanza mara nyingi: viganja, nyayo, nyuma ya masikio, shingoni. Vitabu vingi husema "wekundu", na wazazi huusubiri wekundu usiokuja. Kwenye ngozi nyeusi upele huwa mweusi zaidi ya ngozi au wa zambarau, mkavu, wenye kuwasha au kuchoma. Pitisha mkono ukihisi ukwaruzo, na kadiria ukubwa kwa kiganja cha mtoto mwenyewe na vidole vyake, ambacho ni kama asilimia 1 ya mwili. Utumbo huonekana kwa kuhara maji mengi. Pima kwa jagi lenye mistari na uandike. Kwa mtu mzima kuvuka mililita 500 kwa siku kunahesabika, kwa mtoto takribani mililita 10 kwa kilo. Ini huonekana kwa macho kuwa ya njano, japo kipimo cha bilirubini, rangi ya njano iliyo kwenye damu, hutangulia.

Aina sugu huja baadaye, kwa kawaida baada ya miezi mitatu: mdomo mkavu wenye michirizi myeupe, macho yanayohisi kama yana mchanga, ngozi ngumu, pumzi fupi ngazini. Hiyo ya pumzi isisubiri tarehe ya kliniki.

GVHD inazuiwa na kutibiwaje?

Dawa za kawaida za kuizuia ni siklosporini kwa miezi kadhaa pamoja na methotreksati ya siku chache za mwanzo. Kosa la mara kwa mara nyumbani ni kumeza siklosporini asubuhi kabla ya kutolewa damu ya kipimo. Kipimo kinatakiwa kionyeshe kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo dawa ibebwe, imezwe baada ya damu kutolewa. Balungi huongeza kiwango chake mwilini. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha vibaya sana, na kwetu ambako kifua kikuu kipo kila mahali, mtu asianzishiwe bila timu ya upandikizaji kujua. Siklosporini pia hupandisha presha na kushusha magnesi. Mgonjwa wa selimundu anaweza kupata degedege, hivyo presha hupimwa kila siku na chembe sahani hutunzwa juu ya 50,000 kwa mikrolita.

GVHD ikitokea kwa nguvu, huanza methiliprednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, kawaida miligramu 2 kwa kilo kwa siku. Isipoitikia ipo ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 2019.

Nimesikia kwamba vita hivyo vinasaidia. Kweli?

Kwenye saratani ya damu, ndiyo: seli T za mtoaji huua pia masalia ya saratani, na waliopokea uloto wa pacha wa kufanana kabisa saratani huwarudia zaidi. Kwenye selimundu hakuna saratani ya kuua. GVHD kwa mtoto huyu ni hasara tupu, na tunalenga isiwepo kabisa.

Na asiye na ndugu aliyefanana?

Mzazi anayefanana nusu anaweza kutoa, kwa njia iliyokuzwa Johns Hopkins nchini Marekani. Siku ya tatu na ya nne baada ya uloto kuingia, hutolewa saiklofosfamaidi miligramu 50 kwa kilo kila siku. Wakati huo seli T zilizokasirika zinagawanyika kwa kasi, na dawa huua zinazogawanyika. Seli shina zimetulia na zina kimeng'enya cha kuivunja dawa, hivyo hunusurika. Katika siku za kuisubiri dawa hiyo mgonjwa mara nyingi huwa na homa kali, na hapewi steroidi kwa ajili yake, maana zingezizima seli T kabla hazijauawa.

Kinga mpya hukomaa lini?

Nyutrofili ndani ya wiki. Seli T huchukua miezi mpaka zaidi ya mwaka. Homa ya 38 na kuendelea ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Kumbukumbu ya chanjo za utotoni hupotea, zinarudiwa kuanzia miezi 3 hadi 6. Chanjo hai kama ya surua husubiri angalau miezi 24, na mtoto awe hana GVHD wala dawa za kutuliza kinga. BCG, chanjo ya kifua kikuu, haitolewi. Mdogo wake mchanga akifikia chanjo ya polio, mwambie muuguzi kwamba nyumbani yupo aliyepandikizwa uloto: virusi vya chanjo ya matone hutoka kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa, kwa hiyo iulizwe chanjo ya sindano.