Sayari zikikutana angani si tangazo la maafa

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: eti unajimu wa Kihindi unasema sayari zikikutana, maafa yanakuja. Si kweli. Hata wanajimu hao hawasomi kila mkutano kuwa balaa. Mshtarii (sayari ya Jupita) ikiwa pamoja na Mwezi, wao huhesabu heri. Februari 1962 sayari zilipokutana, baadhi yao walitabiri kiama, India ikajaa maombi, siku zikapita salama.

Kinachotuchanganya ni macho, hayapimi umbali. Desemba 2020 Mshtarii na Zohali (sayari ya Saturn) zilionekana kama zimegusana, kumbe zilitengana kwa zaidi ya kilomita milioni 700. Mkutano wao hurudi kila baada ya miaka 20 hivi. Programu ya anga kwenye simu itakuonyesha tarehe. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.