Karantini ya wanaanga si wodi ya wagonjwa

Nimeisikia tena juzi redioni. Habari ilikuwa ya wanaanga walioingia karantini wakisubiri safari, na mtangazaji akamalizia kwa kuwaombea wapone haraka. Jirani yangu aliyekuwa akisikiliza nami akauliza, "Kwani wamepatwa na nini?" Hawakupatwa na kitu. Wangekuwa wanaumwa, wasingekuwa karantini.

Maana yenyewe ni fupi. Karantini ni kumzuia mtu asiye na dalili za ugonjwa asichangamane na wengine kwa siku zilizopangwa. Mgonjwa hawekwi karantini, mgonjwa hutengwa. Kwa wanaanga wa sasa muda huo kwa kawaida ni wiki 2 za mwisho kabla ya kurushwa. Wanaendelea na mazoezi na kupitia taratibu za safari, ila wanaoruhusiwa kuwakaribia ni wachache, na hao nao wamepimwa na madaktari. Kule Baikonur, Kazakhstan, ndugu na waandishi wa habari huongea nao wakiwa upande wa pili wa kioo.

Neno lenyewe limetoka mbali, na historia yake ndiyo inayonifanya nisikubali lichanganywe. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Croatia, uliamuru kwamba anayetoka kwenye nchi yenye tauni akae nje ya mji siku 30 kwanza. Baadaye muda ukaongezwa kufikia siku 40, na kwa Kiitaliano arobaini ni quaranta. Ndipo lilipozaliwa neno hili. Venice, mji wa Italia, walikwenda mbele zaidi. Mwaka 1423 walitenga kisiwa kimoja kwa ajili ya wagonjwa wa tauni. Mwaka 1468 wakaongeza kisiwa cha pili, na hiki kilikuwa cha mabaharia na bidhaa zinazoshukiwa tu, watu wenye afya wanaosubiri siku zao zitimie. Visiwa viwili, kazi mbili. Zaidi ya miaka 500 iliyopita walishaona kwamba ukimlaza anayeshukiwa pamoja na mgonjwa, umempa ugonjwa wewe mwenyewe.

Wafugaji wetu, kwa kweli, hawalikosei neno hili. Serikali ikitangaza karantini ya mifugo kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, hata ng'ombe asiye na kidonda haendi mnadani, na kila mtu anaelewa kwa nini. Nadhani sisi wengine tulichanganyikiwa mwaka 2020, tulipowasikia wagonjwa na wasafiri wakitajwa kwa neno hilohilo moja kila jioni kwenye taarifa ya habari.

Turudi kwa wanaanga, maana kwao karantini imewahi kuelekea pande mbili. Apollo 11, safari ya Wamarekani ya kwanza kutua na watu Mwezini, iliporudi mwezi Julai 1969, Armstrong, Aldrin na Collins walifungiwa kwenye behewa maalumu juu ya meli, na Rais Nixon akawasalimu kupitia dirishani. Siku zao zilikuwa 21, zikihesabiwa tangu walipoondoka Mwezini. Hofu ilikuwa kwamba huenda wamebeba vijidudu vya huko. Hapo ukuta uliwalinda watu wa nje. Baada ya Apollo 14 utaratibu huo ukaachwa, kwa kuwa hakuna kijidudu kilichoonekana.

Karantini ya kabla ya safari ni kinyume chake, na chanzo chake ni mafua. Wanaanga wa Apollo 7 waliugua mafua wakiwa angani mwaka 1968. Angani kamasi haichuruziki, kwa kuwa hakuna uzito wa kuivuta chini. Inajaa kichwani na kuziba. Waliogopa masikio yao yangeumia shinikizo la hewa likibadilika, wakagoma kuvaa helmeti wakati wa kurudi. Mwaka uliofuata Apollo 9 iliahirishwa siku 3 kwa sababu wote watatu walikuwa na mafua. Chombo kiko tayari, roketi imesimama, halafu mafua yanasimamisha kila kitu.

Kilichomaliza ubishi ni rubela, ugonjwa wa vipele unaoambukiza. Aprili 1970, siku chache kabla ya Apollo 13, Charlie Duke wa kikosi cha akiba aliambukizwa na mtoto wa rafiki zake, naye alikuwa akifanya mazoezi pamoja na kikosi chenyewe. Katika kikosi hicho, Lovell na Haise walikuwa na kinga. Ken Mattingly hakuwa nayo. Akaondolewa zikiwa zimebaki siku 3 tu, nafasi yake akapewa Jack Swigert. Mattingly hakuugua hata siku moja. Kuanzia Apollo 14, mwanzoni mwa 1971, kikosi kikaanza kufungiwa siku 21 kabla ya kuruka. Mwaka 1972 Mattingly alikwenda Mwezini na Apollo 16, akiwa na Duke yuleyule.

Hivyo karantini hii haina uhusiano na watu kuumwa. Hatari iko nje: kwa mtoto anayetoka shule, kwa mwandishi anayekohoa, kwa mpishi. Walio ndani ndio wanaolindwa, kwa sababu mahali wanapokwenda hakuna hospitali, na chafya ya mmoja ni ya wote.

Kiswahili kina mfano wa karibu kuliko huo wa Venice, na kwa bahati idadi ni ileile ya siku 40. Mama akijifungua, yeye na mtoto hukaa ndani arobaini. Wageni wanapunguzwa, na mwenye mafua anaombwa asubiri siku nyingine. Hakuna anayepita mlangoni akauliza mama yule anaumwa nini. Basi ukisikia wanaanga wameingia karantini, waelewe kama unavyomwelewa mama aliye ndani ya arobaini yake: watakie safari njema, na neno kutengwa tumwachie mgonjwa.