Mizani, Pakiti 16 na Dhana Potofu Kuhusu Wastani

Nilikuwa mkaguzi wa ubora katika kinu kimoja cha unga hapa Nakuru. Asubuhi moja nilitoa pakiti 16 za kilo 2, nikapangusa vumbi la unga kwenye sahani ya mizani, nikairudisha kwenye sufuri, nikapima. Wastani ulikuwa gramu 1,994, mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi uzito wa pakiti unavyotofautiana na wastani, gramu 12. Msimamizi wa zamu akasema mashine ya kujaza pakiti inapunja, fundi aitwe. Nikamwomba asubiri.

Dhana: Wastani ukishuka chini ya 2,000, mashine ina kasoro.
Wastani wa pakiti chache hucheza hata mashine ikiwa sawa. Gawanya 12 kwa kipeuo cha pili cha 16, upate 3: hizo ndizo gramu ambazo wastani wa pakiti 16 hucheza kwa kawaida. Upungufu wetu wa gramu 6 ni mara 2 ya hiyo. Tukikubali hatari ya asilimia 5 ya kuisingizia mashine, na tukichunguza kuzidi na kupungua, mpaka wa kuilaumu, kwa pakiti 16, ni mara 2.131. Hatukuufikia. Fundi akigusa skrubu kila wastani unapocheza, uzito utayumba zaidi ya mwanzo.

Dhana: Basi mashine iko sawa.
Hili ndilo huniuma, maana anayepunjwa ni mama aliyenunua unga wa watoto. Tulichokosa ni ushahidi wa kutosha. Hatukuthibitisha kwamba hakuna upungufu. Pakiti 64 zenye wastani na mkengeuko ule ule zingetupa 1.5 badala ya 3, na gramu 6 zingekuwa mara 4. Hapo fundi angeitwa mbio.

Dhana: Upande wa kuchunguza, kuzidi au kupungua, huchaguliwa baada ya kuona matokeo.
Kwa upungufu pekee, mpaka hushuka hadi 1.753, na 2 yetu inaupita. Lakini kuchagua hivyo baada ya kupima ni kuhamisha goli mpira ukiwa hewani.

Dhana: Thamani ya p ikiwa 0.03, uwezekano wa mashine kuwa sawa ni asilimia 3.
La. Thamani ya p ni hesabu inayoanza kwa kuchukulia kwamba mashine iko sawa, kisha huuliza ni mara ngapi tungepata upungufu kama huu au zaidi.

Dhana: Pakiti 16 ni chache mno kupimia chochote.
William Gosset, wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la “Student”, njia ya kushughulikia sampuli ndogo kama hizi. Ndiyo tuliyotumia.

Nikafungua daftari, nikaandika: pakiti 64 mpya, tunatafuta upungufu tu, asilimia 5. Ndipo nikapangusa mizani tena.