Kupima shinikizo la ubongo bila kutoboa fuvu

Bodaboda ikianguka na dereva akagonga kichwa kwenye lami, jeraha la kwanza hutokea papo hapo. Ninalolihofia zaidi ni la pili, lile linalokuja saa kadhaa baadaye ubongo ukianza kuvimba. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine sharti vipungue, la sivyo shinikizo linapanda. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo hilo huwa milimita 7 hadi 15 za zebaki. Likizidi 22, miongozo ya tiba ya majeraha ya kichwa inataka lishushwe, kwani damu inayosukumwa na moyo inaanza kukosa nafasi ya kuingia.

Njia ya uhakika ya kulipima bado ni keekee. Daktari bingwa anatoboa fuvu na kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye vyumba vya maji ndani ya ubongo. Njia hiyo inaokoa watu, siibezi hata kidogo. Lakini huweza kuleta maambukizi au kuvujisha damu, na inahitaji bingwa ambaye hospitali nyingi za wilaya hazina. Tena si ajali tu: huko Kilifi, miaka ya 1990, watafiti walipima watoto wenye malaria ya ubongo wakakuta shinikizo limepanda. Nani atamtoboa kichwa kila mtoto wa namna hiyo?

Mimi nafanya kazi na mwanga. Mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni kati ya nanomita 650 na 900 hivi haunyonywi sana na damu na maji, kwa hiyo hupenya ngozi na mfupa, na sehemu ndogo hurudi. Mtafiti Frans Jöbsis alionyesha mwaka 1977 kwamba mwanga huo unaweza kueleza hali ya oksijeni ubongoni. Kuujua mwendo wa damu kunahitaji leza. Mwanga wa leza unaorudi hutengeneza madoadoa, na chembe nyekundu za damu zikipita, madoadoa hayo huchezacheza. Tazama jua juu ya maji: palipotulia vimulimuli vinakaa, penye mkondo vinarukaruka. Sisi tunapima kasi ya kurukaruka huko. Msingi wake wa hesabu uliwekwa na wanafizikia David Boas na Arjun Yodh mwaka 1995.

Ugumu ni kwamba ngozi ya kichwa nayo ina damu. Tunaweka kipokezi kimoja karibu na leza kisikilize ngozi, kingine umbali wa sentimita mbili na nusu au tatu kifike ubongoni, kisha tunatenganisha habari zao.

Na shinikizo je? Mwanga haulioni moja kwa moja. Tunalisoma kwenye umbo la mapigo: kila moyo unapodunda, damu huingia ubongoni kwa wimbi, na shinikizo ndani ya fuvu likipanda wimbi hilo hubadilika sura. Kundi la mtafiti Jana Kainerstorfer, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, limefundisha kompyuta kukadiria shinikizo kutokana na mawimbi hayo. Naamini njia hii, ila bado haijafika mahali pa kuuweka mrija kando kwa mgonjwa mahututi.

Kuna jambo ambalo nalisema kila ninapopewa nafasi. Melanini, yaani rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, hunyonya mwanga, na nywele nzito huuzuia. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kuwa oksimita ya kidole, kifaa kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga, ilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa! Kwenye kipimo chetu, ngozi nyeusi hupunguza fotoni (chembe za mwanga) zinazorudi, na vurugu katika vipimo huongezeka. Ndiyo maana kila kipokezi kipya nakijaribu kwanza kwenye paji la uso wangu, kisha juu ya sikio, nywele zikiwa kama zilivyo, kabla sijaandika namba yoyote kwenye ripoti.