Keki huumuka hata bila unga wa ngano

Wapishi wengi wamerithi imani kwamba bila unga wa ngano na maziwa, keki itabaki bapa kama chapati. Si kweli. Ngano hushikilia hewa, lakini mayai nayo huishikilia vizuri sana.

Tenga ute na viini vya mayai 4. Piga viini na gramu 120 za sukari mpaka rangi ipauke, kisha changanya gramu 200 za lozi zilizosagwa. Piga ute peke yake, katika bakuli lisilo na hata tone la mafuta, mpaka uwe povu jeupe linalosimama ukiinua mchapo. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Ingiza povu hilo kwa mwiko, taratibu, ukikunja kutoka chini kuja juu; ukikoroga kwa nguvu, hewa yote inatoka. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 35 hadi 40. Ndani ya oveni hewa hutanuka, na joto likipita nyuzi 60 hivi, ute huanza kuganda na kuizuia humo humo.

Maziwa hayahitajiki kabisa.

Ila usibadilishe lozi kwa unga wa nazi kwa kipimo kilekile, kwani hunyonya maji mno na keki itakuwa kavu. Keki hii haina bekingi poda, ila kwa anayeepuka nafaka kabisa na anayeitumia katika keki nyingine, soma pakiti yake: nyingi zina wanga wa mahindi. Bekingi soda na maji ya limau hufanya kazi ileile.